Faili Lililosomwa kwa Simu ya Njoro

Zakayo tulimzika Njoro mwezi uliopita, na mpaka leo sijamaliza kukasirika. Kifo chenyewe hakikunikasirisha. Alikuwa mzee, mimi pia ni mzee, na tulikuwa tumeshakubaliana kwamba mmoja wetu atamzika mwenzake asilalamike. Kilichonikasirisha ni kaunta. Katika wiki zake za mwisho alihamishwa kutoka hospitali moja ya Nakuru kwenda nyingine, na hospitali hizo ziko karibu kiasi kwamba ukisimama kwenye dirisha la wodi ya hii unawaona akina mama wakiuza ndizi mbele ya lango la ile. Nilikwenda naye mimi, kwa kuwa watoto wake walikuwa kazini. Pale kaunta msichana mmoja mwenye adabu aliangalia kompyuta yake, akabonyeza hapa na pale, akaniambia, "Pole mzee, hatumpati kwa sistimu." Nikamwambia mgonjwa ametoka ng'ambo ya barabara, amelala huko siku nyingi, damu imepimwa, kifua kimepigwa picha, na yote yamo katika kompyuta yao. "Ni kweli mzee, lakini sistimu yao na yetu haziongei. Itabidi apimwe upya." Wakaanza kutafuta mshipa katika mkono ambao haukuwa na kitu tena. Nilimweleza yule msichana kwamba mimi nina diploma ya kazi hiyo hiyo anayoifanya, na kwamba niliipata Uingereza kabla mama yake hajazaliwa. Akasema, "Sawa mzee," akaniomba nisogee kidogo ili anayefuata ahudumiwe.

Nilisogea. Nikakaa kwenye benchi nikiwa nimeshika kofia ya Zakayo, na hasira ikanirudisha kwenye mwaka niliorejea nchini, kwa maana jambo hilo hilo nilikuwa nimelipatia dawa mwaka ule, bila kompyuta, kwa ajili ya Zakayo huyo huyo.

Habari za ukoo wetu na jinsi nilivyofika Ulaya nimezieleza mahali pengine. Hapa itoshe kusema kwamba nilikwenda bila mtu wa kunipokea, nikaosha masufuria katika jiko la hospitali, jioni nikasoma, na niliporudi Nakuru mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa na diploma ya utunzaji wa kumbukumbu za wagonjwa, ikiwa ndani ya fremu ya kioo. Sikumjua mtu mwingine mkoa mzima aliyekuwa nayo, na hakuna aliyejitokeza kudai. Wenzangu walirudi na sheria na uchumi, wakapewa ofisi zenye zulia. Mimi nilipewa chumba cha mafaili katika hospitali kubwa ya mjini. Kilikuwa nyuma ya maabara, kinanuka panya na dawa ya kusugulia sakafu. Mafaili yalikuwa yamefungwa kwa vipande vya bendeji, mengine yamewekwa dirishani kuzuia upepo usilibamize. Mtu akirudi mara ya pili aliandikiwa faili jipya, akirudi tena jingine, hata ukakuta mwanamke amezaa watoto watano pale na kwa mujibu wa karatasi kila mtoto ana mama yake. Nilivua koti nikaanza kazi. Mgonjwa mmoja, namba moja, faili moja, maisha yake yote. Kabla mwaka haujaisha daktari aliweza kuniomba faili akiwa ananawa mikono, na likawa mezani kabla hajapata taulo. Sisemi haya kujisifu, waliokuwepo wanajua.

Nilipanga chumba Bondeni kwa Bi Mwanaisha, mjane ambaye watu wake walitoka pwani zamani reli ilipofika. Sakafu ilikuwa ya saruji nyekundu, inang'arishwa kila asubuhi, na kati ya kitanda changu na sebule yake kulikuwa na ukuta wa mbao tu, hivyo nilisikia kila kilichosemwa juu yangu. "Huyu mpangaji wako ni daktari?" dada yake aliuliza wiki yangu ya kwanza. "Si daktari. Ni mtu wa makaratasi." "Makaratasi tu? Ulaya yote ile?" "Makaratasi, dada, lakini sahani hurudi nyeupe." Mbele yangu aliniita Bwana Diploma, na sikuona kosa. Kwake nilikula chapati na mbaazi, samaki wa ziwa waliopakwa ndimu, na pilau ya Ijumaa iliyonukia mpaka barabarani. Zakayo, rafiki yangu tangu kabla sijaenda Ulaya, alipenda kunitembelea siku hiyo hiyo ya Ijumaa. Alikuwa karani wa stesheni ya Njoro, mrefu, mzee wa kanisa tangu ujana, kofia haimtoki kichwani. Siku moja alinieleza njiani kwamba ametoka kula kwa binamu yake na tumbo limejaa kabisa. Tulipofika, Bi Mwanaisha akaweka sahani, naye Zakayo akaila yote, akaongezwa, akala tena. Tulipotoka nikamwuliza, "Si ulisema umeshiba?" Akajibu, "Nilikuambia wewe. Mwenye nyumba huwezi kumwambia umekula kwingine. Ni matusi." Nilicheka siku ile. Ningejua, nisingecheka.

Muda si mrefu akaanza kukohoa, na picha ya kifua ikaonyesha TB. Akalazwa kwetu, katika wodi ya nyuma, akadungwa sindano kila asubuhi kama ilivyokuwa kawaida ya siku zile: sindano kwa miezi miwili, kisha vidonge kwa mwaka mzima na zaidi. Sindano zilipokwisha alipewa ruhusa arudi kazini, vidonge akachukue katika hospitali ya misheni iliyokuwa karibu na Njoro. Mimi ndiye niliyefunga faili lake, na niliona karatasi aliyopewa apeleke huko. Iliandikwa: "Mgonjwa wa TB. Aendelee na matibabu." Basi. Nilikwenda kwa Daktari Mkuu, mtu mpole aliyeogopa kila kitu kilichokuwa na mhuri, nikamwambia nilikosoma mimi mgonjwa akihamia hospitali nyingine hufuatwa na muhtasari wa faili lake. "Huko ni huko, bwana," alisema. "Faili ni mali ya serikali. Misheni wana mafaili yao." Nikauliza kama mapafu ya Zakayo nayo yako mawili mawili, moja la serikali na jingine la misheni. Akaniambia mlango uko wapi.

Nilipokwenda kumtembelea Njoro, wiki kadhaa baadaye, ilikuwa Jumapili baada ya ibada. Yeye na mkewe Rahel walikaa katika nyumba za reli, vyumba viwili vyenye bati jekundu, na Rahel alikuwa amepika kuku na mukimo, viazi vilivyopondwa pamoja na mahindi. Zakayo alinifungulia mlango akiwa ameshika fremu yake asianguke, akatembea kwenda kwenye kiti kwa kuugusa ukuta. Jirani mmoja alikuwa akipita nje ya ua wa michongoma. "Karani," akaita, "jana nilikuona ukipimana nguvu na upepo pale njia panda. Hiyo chang'aa ya wapi, utuonyeshe na sisi?" Zakayo, ambaye hakuwa ameonja pombe maishani mwake, hakujibu. Nilidhani amemdharau. Rahel akanivuta nje kwenye ngazi. "Shemeji, hajamsikia," aliniambia. "Siku hizi hasikii. Juzi simu ya stesheni ililia mpaka mimi nikaisikia nikianua nguo, na yeye ameketi karibu nayo. Mkubwa wake amesema ikitokea tena hatarudi pale mezani." Mtu asiyejua kazi ya reli aelewe hapa: ile simu ndiyo iliyomwambia Zakayo kama njia ni nyeupe au kuna treni inayokuja. Karani asiyeisikia hana kazi, na si yeye peke yake atakayepata hasara.

Nikarudi ndani nikaketi mbele yake nikasema kwa nguvu, "Masikio yanafanyaje?"

"Yanalia. Kama nyaya wakati wa upepo."

"Tangu lini?"

"Tangu sindano."

"Lakini sindano ulimaliza mjini, na hukuwa hivi."

"Hizi ni za misheni," alisema. "Sista ananidunga kila asubuhi kabla sijaingia kazini. Kwao kila mgonjwa wa TB huanza na sindano."

"Na hukumwambia umeshadungwa zote?"

Alinitazama kama mtu aliyekosa malezi. "Ningemwambiaje? Mama wa watu amekupokea, amekuandika, ameshaitayarisha. Umwambie wewe umetoka kudungwa kwa wengine? Angeona nawalinganisha."

"Na ile karatasi?"

"Nilimpa. Imeandikwa niendelee. Nikaendelea."

Nikaisukuma sahani kando. Dawa ile iliwaponya wengi, lakini ikizidi hula masikio, na kilicholiwa hakirudi. Nilikuwa nimeyasoma hayo, na nilikuwa nimewaona wagonjwa wa namna hiyo Ulaya wakiandikiwa maneno kwenye ubao. Nikamwambia asiende kesho. Rahel ndiye aliyetikisa kichwa: mtu akikosa sindano pale, Sista humfuta kwenye rejista na vidonge hapewi, na bila vidonge kifua kitarudi. Kwa hiyo rafiki yangu alikuwa achague, apoteze masikio au apoteze mapafu, na yote kwa sababu hospitali mbili, ambazo mtu mwenye baiskeli angezizungukia asubuhi moja, hazikuwa zikisalimiana. Kila nikifikiri juu ya hilo, hata sasa, nasikia damu ikipanda.

Niliondoka pale nikaenda moja kwa moja misheni. Sista mwenyewe, mwanamke mfupi aliyezeeka katika kazi ile na aliyesema Kiswahili chake kwa amri, alinisikiliza akiwa anakunja mashuka. Nikamweleza habari za mgonjwa Mwangi Kinuthia, maana ndivyo Zakayo alivyoandikwa katika faili letu. Akasema hana mgonjwa wa jina hilo. Nikasema ni Zakayo. Akasema ana akina Zakayo wengi, na kwamba kwake watu huandikwa kwa jina la ubatizo na la mahali wanapokaa, si kwa majina ya serikali. "Wewe ni daktari?" aliuliza. Nikasema nina diploma ya kumbukumbu. "Basi nionyeshe hiyo kumbukumbu. Nikiona faili na tarehe za sindano, nitaacha. Nikiacha kwa maneno ya rafiki, kesho kila mgonjwa anayeogopa sindano ataniletea rafiki yake." Nikamwambia faili haliruhusiwi kutoka. "Na mimi siruhusiwi kutoka, nina wodi," alisema. "Kesho saa mbili asubuhi nadunga. Kabla ya hapo nitasikiliza." Sikuweza kumchukia. Alikuwa na utaratibu, na mimi mtu wa utaratibu namheshimu hata akiniudhi.

Jumatatu nilimsubiri Daktari Mkuu kwenye ngazi. Nilimweleza yote, nikitaja masikio, nikitaja treni. Alihuzunika kweli, uso ulionyesha. Kisha akasema ombi la kulitoa faili lazima liende Nairobi. Nikauliza litachukua muda gani. "Inategemea Nairobi." Nikamwambia masikio ya mtu hayategemei Nairobi, saa mbili inakaribia. "Bwana," alisema, akiwa tayari anatembea kuelekea wodini, "faili hilo lisitoke nje ya mlango wa chumba chako. Umenielewa?" Nilimwelewa vizuri kuliko alivyojielewa. Nikaingia chumbani mwangu, nikafunga mlango, nikalitoa faili la Mwangi Kinuthia, nikalifungua mezani, nikanyanyua simu. Simu hiyo niliiomba tangu wiki yangu ya kwanza, wakaniuliza mtu wa makaratasi anataka kumpigia nani.

Laini ya upande ule ilikuwa ya kushirikiana: misheni, mashamba ya ngano, maduka, wote kwenye waya mmoja, na kila mmoja alikuwa na mlio wake wa kengele. Mlio wa misheni ukipigwa, watu wa wilaya nzima waliacha kazi wakanyanyua simu zao kusikia nani anaumwa. Nilijua hilo. Siku hizi wajukuu wangu wananihutubia juu ya siri ya mgonjwa kana kwamba sikuisomea. Niliisomea, na nilipata alama nzuri. Ndiyo maana nilianza kwa kutaja namba tu.

"Namba yako si yangu," Sista alisema. "Taja jina."

"Sista, kuna watu kwenye laini."

"Siku zote wapo. Taja jina, au niendelee na kazi yangu."

Nikataja. "Mwangi Kinuthia. Ndiye Zakayo wenu."

"Nitajuaje ni yeye? Nilikuambia nina akina Zakayo wengi."

Nikaanza kueleza kovu la mguuni, na umri, na urefu, na huku ng'ambo ya waya nilisikia kuku, redio ya mtu, na pumzi. Kisha ikaingia sauti ya mwanamume.

"Sista, samahani sana. Hiyo mtu najua mimi."

"Nani huyo?"

"Gurdial, ya duka ya vipuri. Mwangi na Zakayo ni mtu moja tu. Karani ya stesheni, ile mrefu, ya kofia. Watu nasema mlevi."

"Kumbe si mlevi?" Hii ilikuwa sauti ya mama wa ofisi ya shamba moja la ngano.

"Si mlevi, mama, sikia vizuri. Huyu bwana nasema ni sindano."

"Sista, basi ni yeye," yule mama akasema. "Bibi yake ni Rahel, wa kwaya. Mimi nilikuwa namwombea aache pombe."

"Wote wekeni simu chini," Sista akasema. Hakuna aliyeweka. Angeweka nani? Nami, nakiri, sikutaka waweke, maana katika dakika ile watu wawili wasio na faili walikuwa wameunganisha majina ambayo hospitali mbili zenye madaktari zilishindwa kuyaunganisha. Nikasoma. Nilisoma tarehe ya sindano ya kwanza, na inayofuata, na inayofuata, kipimo cha kila moja na sahihi ya aliyedunga, polepole, kama mchungaji anayesoma tangazo la ndoa, mpaka nikafika pale daktari wetu alipoandika kwamba sindano zimekwisha na zisirudiwe. Redio ya yule mtu ilikuwa imezimwa.

"Yuko hapa mbele yangu," Sista akasema mwishoni. "Mkono umeshapakwa spiriti."

"Usimdunge."

"Simdungi." Nikasikia kitu cha chuma kikiwekwa kwenye sinia.

Daktari Mkuu aliniita mchana. Habari zilikuwa zimemfikia kabla ya chakula, kwa kuwa mke wa mtu fulani alikuwa na dada Njoro. "Nilisema faili lisitoke." Nikamwambia halikutoka, akitaka aje alione mezani. Alifikiri sana. Kisha akaandika amri kwamba simu ya chumba cha mafaili itumike kwa mambo ya ndani ya hospitali peke yake. Ndiyo shukrani niliyopata. Hata hivyo niliandaa mpango kamili: hospitali zote mbili zitumie namba moja kwa mgonjwa mmoja, na muhtasari mfupi umfuate anakokwenda. Mkutano ukafanyika, na chai, na biskuti. Kila mmoja aliusifu mpango wangu. Hospitali yetu ilikubali kabisa kushirikiana, mradi misheni waache namba zao wachukue zetu. Misheni nao walikubali kabisa, mradi sisi tuanze kuandika majina ya ubatizo. Wakapeana mikono, wakamaliza biskuti, na hakuna kilichobadilika. Nilipomsikia yule msichana wa kaunta akisema sistimu haziongei, nilitaka kumwambia kwamba sistimu hazijawahi kukataa kuongea. Wenyewe ndio wanaosubiri mwenzao aanze kusalimia.

Zakayo sikumwona kwa majuma kadhaa. Aliniwekea chuki, na Ijumaa kwa Bi Mwanaisha hakuja. Mwishowe nikaenda mwenyewe Njoro. Kizunguzungu kilikuwa kimepungua, alitembea katikati ya chumba bila kugusa ukuta. Sikio la kulia lilikuwa limekwenda na halikurudi maisha yake yote. La kushoto hatukujua. Alikuwa bado yuko pale mezani stesheni, lakini mkubwa wake alikuwa akimwangalia, na mimi niliogopa kuuliza. Alinikaribisha chai bila kunitazama.

"Umenianika," alisema. "TB yangu inajulikana kutoka stesheni mpaka kinu cha unga. Kanisani wananiachia benchi zima."

"Heri TB kuliko chang'aa."

"Hiyo ni heri yako. Gurdial anamweleza kila anayenunua mkanda wa trekta. Na yule mama wa shamba, kila akipita hapa na mwenzake, lazima aseme: maskini, kumbe tulimsingizia."

"Anakuambia wewe?"

"Ananiambiaje? Anamnong'oneza mwenzake."

"Ukiwa wapi?"

"Hapa ndani. Nimeketi hapa hapa, mlango umefungwa."

Nikanywa chai yangu. Zakayo aliendelea kuhesabu makosa yangu kidogo, kisha kikombe kikasimama kati ya meza na mdomo. Jikoni Rahel alicheka chini chini, amejiziba kwa leso.

"Na wewe unacheka nini?" Zakayo akamwuliza, bila kugeuka.